Spea ya trekta la zamani: usiipeleke kwa fundi bila mwenzake

Mwezi Desemba, mvua ya kwanza imeshapiga, udongo umelainika, na trekta la mjomba limesimama uani Babati, giaboksi imefunguliwa. Juu ya gunia pembeni kuna kipande cha chuma chenye umbo la herufi Y, kikubwa kidogo kuliko kiganja, kimevunjika mkono mmoja. Kwa sababu ya kipande hicho watu kumi na wawili waliokwisha kulipa nusu ya gharama ya kulimiwa wanasubiri. Wengine wameshaanza kuulizia trekta la jirani.

Kipande hicho ni uma wa kuchagulia gia. Mafundi wengi wanakiita selekta. Ndani ya giaboksi za zamani, gia huteleza juu ya shafti kwenda mbele au nyuma ili kukutana na gia nyingine. Gia inayoteleza imechongwa mfereji unaoizunguka, na vidole viwili vya uma vinakaa ndani ya mfereji huo. Ukisukuma gia liva, fimbo inasogea, uma unasogea nayo, na gia inasukumwa huku ikiwa inazunguka. Uma wenyewe hauzunguki.

Spea mpya haikupatikana. Tulitafuta Babati, Arusha, mpaka Dar es Salaam. Basi mimi, mwanafunzi wa uhandisi mitambo mwenye vernia na kompyuta, nikasema tutautengeneza. Tukautengeneza, ukaingia, trekta likaondoka. Siku ya sita likawa linateremka na tela lililojaa mbolea, na gia ikaruka yenyewe.

Kama hujawahi kuendesha trekta, elewa maana yake. Gia ikiruka kwenye mteremko, injini haishiki tena magurudumu. Kilichobaki ni breki za trekta la zaidi ya miaka hamsini, na tela nyuma yake halina breki kabisa. Dereva aliligeuzia kwenye tuta la shamba, likasimama. Hakuna aliyeumia. Ila nilikaa usiku ule nikihesabu ni mita ngapi zilikuwa zimebaki kufika darajani.

Makala hii inaeleza nilichokosea, na sayansi ambayo ingenizuia kukosea. Kwa kifupi: nilinakili kipande nilichokuwa nacho mkononi, wakati nilipaswa kunakili kazi ambayo kipande kile kilikuwa kinafanya.

Kwa nini spea zinakwisha

Trekta lenyewe ni David Brown 990. Modeli hiyo ilianza kutengenezwa mwaka 1961 huko Meltham, karibu na Huddersfield, Uingereza. Mwaka 1972 biashara ya matrekta ya David Brown ilinunuliwa na wenye kampuni ya Case ya Marekani, na mwaka 1988 kiwanda cha Meltham kikafungwa. Chuma kilichotengenezwa pale bado kinalima, lakini waliokuwa na michoro na kalibu hawapo tena kazini.

Linganisha na Massey Ferguson 135, iliyotoka mwaka 1964. Hilo nalo ni la zamani, ila Pakistan na India waliendelea kwa miongo mingi kuunda matrekta ya ukoo huohuo. Ndiyo maana spea zake unazikuta hata kwenye duka la mji mdogo. Kwa hiyo suala si umri peke yake. Spea inapatikana pale ambapo bado kuna mtu mwenye mchoro, kalibu na sababu ya kuitengeneza. Uingereza, kwa trekta kama 990, sababu hiyo mara nyingi ni wapenzi wa matrekta ya kale, wanaoyapiga rangi na kuyapeleka kwenye maonyesho. Kwetu trekta hilohilo linatakiwa shambani kesho asubuhi.

Kwanza hakikisha kweli haipo

Kabla hujawasha tanuru, jiulize kama unachotafuta ni spea ya trekta au ni kifaa cha kawaida kilichofungwa kwenye trekta. Watu hupoteza wiki nzima hapa.

Beringi ni mfano mzuri. Beringi iliyoandikwa 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje milimita 52 na unene milimita 15, iwe imetoka kwenye trekta, pampu ya maji au mashine ya kusaga. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, ukizidisha kwa 5 unapata tundu: 05 ni 25, 06 ni 30. Muuzaji akikwambia "beringi ya David Brown hatuna", muulize namba, siyo jina la trekta.

Sili za mafuta ni vivyo hivyo. Ukijua kipenyo cha shafti, kipenyo cha nyumba yake na unene, mara nyingi utapata inayolingana. Angalia tu aina ya mpira. Mpira wa asili, na hata ule wa tyubu ya tairi, huvimba ukikaa kwenye dizeli au oili, kwa sababu molekuli za mafuta hupenya katikati ya nyuzi za mpira na kuzisukuma ziachane. Mpira wa naitraili umeundwa kwa molekuli ambazo mafuta hayapatani nazo, kwa hiyo unastahimili. Ukikata gasketi ya dizeli kutoka kwenye tyubu, itaziba leo na kuharibika baada ya muda.

Mtego mwingine ni namba iliyochomoza juu ya chuma chenyewe. Namba ile kwa kawaida ni ya umbo lililomiminwa, siyo ya spea. Kiwanda kinaweza kumimina umbo moja, kisha kulichonga kwa njia mbili tofauti likawa spea mbili tofauti. Ukiagiza kwa namba hiyo pekee, unaweza kuletewa kitu kinachofanana na chako kwa kila hali isipokuwa matundu.

Uma wetu haukuwa kwenye kundi lolote kati ya hayo. Ilibidi utengenezwe.

Kosa la kwanza: nilipima uchakavu

Nilichukua vernia nikapima unene wa vidole vya uma: milimita 7.9. Nikaandika 7.9. Hapo ndipo nilipopotea.

Uma ule ulikuwa umesuguana na gia inayozunguka kwa miaka mingi sana. 7.9 haikuwa kipimo cha mbunifu. Kilikuwa kipimo cha mbunifu, kutoa miaka yote ile. Baadaye nilipompelekea fundi mkerezaji, mzee ambaye amesimama kwenye mashine kabla sijazaliwa, aliugeuza mkononi akaniambia: "Kijana, umeniletea kiatu kilichoisha soli, unataka nikushonee kipya, nacho kiwe kimeisha soli? Mwenzake yuko wapi?"

Mwenzake ni gia. Kila spea inagusana na nyingine, na mara nyingi moja kati ya hizo mbili imechakaa kidogo kuliko mwenzake. Gia ni chuma kilichokazwa kwa moto, kwa hiyo mfereji wake ulikuwa umelika kidogo sana. Tulipima pale ambapo bado kulikuwa na alama za mashine ya kiwandani: milimita 9.8.

Sasa fikiri kama mbunifu wa Uingereza wa miaka ya 1960. Nchi ile ilianza rasmi kuhamia kwenye mita mwaka 1965, na trekta hili lilikuwa limeshabuniwa kabla ya hapo. Yeye anawaza kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Kipimo gani cha kawaida cha inchi kiko chini kidogo ya 9.8? Robo tatu ya nusu, yaani tatu ya nane: milimita 9.525. Ukikitoa kwenye 9.8 unabaki na mwanya wa takriban 0.3, unaotosha kupitisha oili na kuruhusu gia izunguke bila kubanwa. Hesabu ikakubali. Uma ulizaliwa na vidole vya 9.5, nami nilikuwa natengeneza cha 7.9.

Ona matokeo yake. Kwenye giaboksi kuna kijigololi kinachosukumwa na springi ndani ya kijishimo, na ndicho kinachoshikilia gia isiruke. Lakini kijigololi kile hakishiki gia. Kinashika fimbo. Fimbo inashika uma, uma unashika gia. Uma ukipwaya kwa milimita 2 ndani ya mfereji, hata fimbo ikifungwa kwa kufuli, gia bado ina uhuru wa milimita 2. Haiingii mpaka mwisho, inashikana kwa ncha za meno tu. Ncha hizo kwenye giaboksi ya zamani zimeshalika na kuwa na mwinamo, na mwinamo ukibebeshwa mzigo unaisukuma gia itoke. Ndivyo gia inavyoruka.

Kanuni ya kubeba hapa ni kwamba kwenye kifaa kilichochakaa, unapima sehemu ambazo hazikuwahi kuguswa. Shafti iliyolika chini ya beringi bado ina kipimo chake halisi sentimita mbili pembeni. Pale ambapo pote pamelika, kipimo unakidai kwa mwenzake.

Inchi zina kisasi

Tundu la uma linapita kwenye fimbo ya milimita 19.05, yaani robo tatu ya inchi. Gereji niliyokwenda mwanzo ilikuwa na biti za milimita tu. Ya 19 ikatoa tundu ambalo fimbo haingii. Tukatumia 19.5, ikaingia kirahisi na kupwaya kwa karibu nusu milimita. Nusu milimita kwenye tundu inakuwa kubwa zaidi kwenye ncha ya kidole, kwa sababu kidole kiko mbali na fimbo, na uma wote unayumba kama mlango wenye bawaba zilizolegea. Dawa yake ilikuwa kutoboa dogo, kisha kumalizia kwa rima ya robo tatu ya inchi.

Boliti zina mtego uleule. Boliti ya nusu inchi ina kipenyo cha milimita 12.7, na ya metriki ya M12 ina 12. Ukiiweka M12 kwenye tundu la nusu inchi itaingia, pengine itashika hesi mbili tatu, kisha itang'oka ikibeba mzigo. Na hata kwenye inchi kuna koo mbili. Hesi za Whitworth, zilizopendekezwa mwaka 1841, zina pembe ya digrii 55. Hesi za Unified, ambazo Uingereza, Marekani na Kanada walikubaliana mwishoni mwa miaka ya 1940, zina digrii 60. Trekta la Uingereza la kipindi hicho linaweza kuwa na zote mbili. Geji ya kupimia hesi ni kitu kidogo na cha bei ndogo. Ukikosa kitu kingine chote, nunua hicho.

Kosa la pili: madini

Uma wa kwanza niliumiminisha kwa alumini. Sababu yangu ilikuwa ya kawaida kabisa: fundi wa sufuria alikuwa karibu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selsiasi, na tanuru la mkaa lenye feni linafika hapo bila shida. Chuma cha kusubu, ambacho mafundi wanakiita kasti, kinahitaji zaidi ya nyuzi 1,150 ili kiyeyuke, na zaidi ya hapo ili kitiririke vizuri kwenye kalibu. Hiyo ni kazi ya tanuru la namna nyingine.

Niliona alumini ni "laini kidogo", nikaongeza unene kidogo kwenye mikono ya uma. Sikufikiria ugumu wa kupinda. Kila metali ina kiwango chake cha kukataa kupinda. Kwa chuma cha pua ni takriban gigapaskali 200, kwa alumini ni takriban 70. Maana yake, umbo lilelile likisukumwa kwa nguvu ileile, la alumini linapinda karibu mara tatu zaidi. Halivunjiki, linajikunja tu kidogo na kurudi. Lakini wakati limejikunja, gia haijasukumwa mpaka mwisho. Ukichanganya na ule mwanya wa milimita 2, utaelewa kwa nini lilidumu siku sita tu.

Utajuaje madini ya asili wakati huna maabara? Karakana ina vipimo vyake vya kale, na vinafanya kazi.

Anza na sumaku. Isiposhika, unaweza kuwa na alumini, shaba au bronzi. Ikishika, ni jamii ya chuma.

Kisha gusa kifaa kwenye jiwe la kunolea ukiwa umevaa miwani, uangalie cheche. Chuma cha pua chenye kaboni kidogo hutoa mistari mirefu myeupe-njano yenye matawi machache. Kaboni ikiongezeka, cheche zinapasuka na kuwa nyota nyingi. Kasti hutoa cheche fupi, nyekundu zilizofifia. Kinachopasuka pale ni kaboni inayoungua na oksijeni, kwa hiyo kwa kweli unaisoma kaboni kwa macho. Alumini usiisogeze kwenye jiwe hilo: haitoi cheche, na inaziba jiwe.

Mwisho, kama kifaa kimevunjika, angalia uso wa mvunjiko. Kasti ya kijivu huvunjika ikaacha uso wa kijivu kama majivu, bila kujikunja kwanza. Ndani yake kaboni imejitenga ikawa vipande vyembamba vya grafiti, ambayo ndiyo iliyomo kwenye penseli. Vipande hivyo vinameza mtetemo na kurahisisha kuchonga, ndiyo maana bloku za injini na nyumba za giaboksi zilitengenezwa hivyo. Lakini kila kipande cha grafiti ni kama ufa mdogo uliokwisha kuanza. Kasti inavumilia kubanwa, haivumilii kuvutwa wala kupigwa. Miaka ya 1940 iligundulika kwamba ukitia magnesiamu kidogo kwenye chuma kilichoyeyuka, grafiti inajikunja na kuwa vidonge vya mviringo. Vidonge havina ncha kali za kuanzishia ufa, na chuma kinakuwa kigumu kuvunjika. Hapo unaona kwamba hata umbo la kitu kisichoonekana kwa macho linaamua kama spea itavunjika.

Kosa la tatu: nilisahau kwamba metali inasinyaa

Kalibu tuliitengeneza kwa kuunganisha vipande vya uma wa zamani kwa gundi na kuvikandamiza kwenye mchanga wenye unyevu. Ni njia ya haraka na inapendeza kuitazama. Tatizo ni kwamba metali iliyoyeyuka hujaza nafasi ile yote, halafu ikishaganda na kupoa inasinyaa. Kasti hupungua takriban asilimia 1, alumini 1.3, bronzi 1.5 na chuma cha pua karibu 2.

Asilimia 1.3 inasikika ndogo. Kutoka katikati ya tundu la fimbo mpaka katikati ya shafti ya gia ilikuwa milimita 96. Asilimia 1.3 ya hapo ni milimita 1.25. Uma wangu haukukaa tena katikati ya shafti. Upande mmoja ulibana na mwingine ukapwaya, na mimi, badala ya kujiuliza kwa nini, nikautia tupa mpaka ukaingia. Ukiona unatumia tupa kulazimisha kitu kikubali, simama kwanza.

Mafundi wa kalibu wa zamani walikuwa na rula za pekee kwa ajili hii. Rula ya kasti ilirefushwa kwa asilimia 1, kwa hiyo fundi alipima "milimita 96" ya rula hiyo na kuchonga kitu cha karibu 97 bila kupiga hesabu. Siku hizi unachora kwenye kompyuta, unakuza mchoro kwa 1.01 au 1.013, na kuchapa mfano wa plastiki kwa printa ya 3D. Mfano huo ndio unaoukandamiza kwenye mchanga. Kwa kazi kama shingo ya bomba la maji au kifuniko, njia hii ni nzuri sana. Kumbuka mambo mawili tu. Kuta za mfano ziwe na mwinamo mdogo ili zitoke bila kubomoa mchanga, na sehemu zitakazochongwa baadaye ziongezwe milimita mbili au tatu. Kompyuta inakurekebishia kusinyaa. Haiwezi kukurekebishia kipimo cha 7.9 ulichoiingizia mwenyewe.

Uma wa pili

Mzee hakumimina chochote. Alisema uma mmoja hauhitaji tanuru. Alikata bamba la chuma cha pua kwa umbo la Y, akakereza kijibomba cha kukaa kwenye fimbo, akavilehemu pamoja taratibu na kuviacha vipoe ndani ya majivu. Chuma kikipoa haraka kinakuwa kikavu na kuweza kupasuka pembeni ya welding. Tundu na vidole alivichonga baada ya kulehemu, siyo kabla, kwa sababu joto la kulehemu linapinda kila kitu.

Kitu kilichonifurahisha zaidi kilikuwa kwenye vidole. Aliviacha vyembamba makusudi, kisha akavijaza shaba kwa gesi na kuvichonga mpaka milimita 9.5. Fimbo ya shaba ya kulehemu huyeyuka karibu nyuzi 900, wakati chuma chini yake hakiyeyuki mpaka zaidi ya 1,400, kwa hiyo shaba inashika bila chuma kuharibika. Nikamuuliza kwa nini asiache chuma kitupu, ambacho ni kigumu zaidi. Akajibu kwamba gia ni ghali kuliko uma. Metali mbili zinazosuguana, moja lazima ilike, na mwenye busara anachagua ipi. Vidole vya shaba vitalika polepole na vitajazwa tena. Mfereji wa gia utabaki salama.

Kabla ya kufunga tulikagua nyufa kwa njia ambayo mtu yeyote anaweza. Unapaka mafuta ya taa, unasubiri robo saa, unafuta mpaka pakauke kabisa, kisha unapaka unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki. Haukutokea. Tukabadilisha pia springi ya kijigololi, maana kuweka uma mpya na springi iliyochoka ni nusu ya kazi.

Kama ni gia

Gia yenyewe ikiwa ndiyo iliyokufa, hesabu ni nyingine kidogo. Chukua mfano: gia ya meno 22, kipenyo cha nje milimita 76.2. Kwa kanuni ya metriki, unagawanya kipenyo kwa idadi ya meno ukiongeza mbili: 76.2 kwa 24 ni 3.175. Hiyo si saizi ya kawaida ya metriki, na fundi mwenye haraka ataichonga kwa kisu cha 3. Geuza kwenye inchi: 76.2 ni inchi 3 kamili, na 24 kwa 3 ni 8. Namba nzima. Gia ni ya inchi, saizi ya 8, na inahitaji kisu chake. Ukichonga kwa 3, meno yatafanana kwa macho, yataingia, kisha yatalia na kula mwenzake. Na bado hujauliza pembe ya jino, ambayo kwenye gia za zamani inaweza kuwa digrii 14.5 badala ya 20 zilizozoeleka leo. Jibu liko kwa gia anayeshikana naye. Namba ikikataa kwenye milimita, ijaribu kwenye inchi kabla ya kuilazimisha.

Kisichofaa kunakiliwa uani

Kuna spea ambazo sitazitengeneza hata nikiwa na vipimo vyote: mikono ya usukani, vipande vya breki, ekseli za mbele, pini za kufungia tela. Uma ukishindwa unapata dakika ya kufikiri, kama dereva wetu. Mkono wa usukani ukikatika haukupi kitu. Kwa hivyo tafuta trekta lililokufa uchukue kitu cha kiwandani, na ukikague kwa mafuta ya taa na chaki kabla ya kukifunga.

Kuhusu haki za kiwanda, hataza kwa kawaida hudumu miaka 20, kwa hiyo ubunifu wa trekta la mwaka 1961 uko huru zamani. Jina na nembo ni jambo jingine. Tengeneza uma, usiuandike jina la kiwanda.

Daftari

Mjomba alilima msimu ule kwa kuchelewa wiki tatu. Wateja wanne walikuwa wameshaondoka, na aliwarudishia hela zao. Hilo silihesabu kama ushindi wa sayansi.

Lakini mchoro wa uma ule sasa upo. Uko kwenye daftari la mzee, kwa inchi na kwa milimita, umeandikwa madini, mwanya, na namna vidole vinavyojazwa shaba. Juzi kati alinipigia simu kuniambia kuna mtu ametoka Mbulu na 990 yenye ugonjwa uleule. Yule bwana alikuwa amebeba mfuko, akamwaga mezani uma uliovunjika, na pembeni yake gia.

"Huyu," mzee akasema, "kapata mtu wa kumwambia."